Kioo cha Mafuta cha Papa Mumbere

Masika alinipigia simu asubuhi, nikiwa Bunia, nimefungua redio ya mtu mezani na bisibisi nimeibana kwa meno. Alisema, bila salamu ndefu, kwamba baba yake, Papa Mumbere, alikuwa amezikwa juzi, na kwamba watu wa kilio wangetawanyika Jumapili. Nyuma yake nilisikia kuku, nikajua yuko uani, kule Butembo. "Ukuye huku," akaniambia. "Kuko kitu yako hapa." Sikuuliza ni kitu gani. Maishani mwangu nimelala Kasindi, Mangina, Mahagi, Kampala, na mahali pengine ambapo hata majina sikuyashika, na kila nilipoondoka nilihakikisha sikuacha hata sindano. Nyumba moja tu niliondoka bila kupekua sakafu, kwa sababu sikuweza kuinua macho. Nilikaa humo muda usiofika mwaka mmoja, na tangu hapo kila chumba nimekipima kwa kile.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa kuwa nilihisi kila nilichotaka kujua kiko upande wa pili wa dirisha. Nilikuwa nimegema utomvu wa papai kule Mangina mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, nimebeba magunia Kasindi, nimejifunza saa na redio kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi na askari wa nchi jirani waliokuja pamoja nao, na watu walipima hali kwa malori: yakishuka Beni asubuhi na kurudi jioni, basi siku hiyo ilikuwa na amani yake. Nilifika kwa Papa Mumbere kutengeneza saa ya ukutani. Nilimaliza saa sita mchana, ikagonga mara kumi na mbili, na dada yake, Mama Kanyere, akaweka sahani ya tatu mezani bila kuniuliza kama nina pa kwenda. Alijua sina. Viatu vyangu vilisema.

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya kilima ambako ukungu huondoka jua likiwa limekwisha kupanda. Walinipa ghala la vitunguu. Lilikuwa na kitanda cha mabanzi, kidirisha cha ukubwa wa kitabu, na marundo mawili ya vitunguu yaliyofika kiunoni. Nguo zangu, nywele zangu, hata ndoto zangu zilinuka vitunguu. Ukuta kati yangu na chumba cha kulia ulikuwa wa mbao zilizokauka na kuachana, na kupitia mwanya mmoja niliweza kuona miguu ya Mama Kanyere ndani ya soksi za sufu ikienda na kurudi kati ya meza na jiko. Tulikula bugali ya muhogo na maharage ya Musienene, viazi siku za baridi kali, samaki wa chumvi Ijumaa. Papa alisali kwa muda mrefu kabla ya kula, akitaja jina la Masika, binti yake pekee aliyebaki, aliyeolewa Mbau, mbele ya Beni. Mimi sikutajwa. Nilikuwa nikisikiliza kila siku kama ningetajwa.

Gari lilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba, limefunikwa mikeka ya kuanikia kahawa ili askari wasilione. Lilikuwa la Kimarekani, jeusi, lenye mabega ya mviringo. Papa alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye mashamba, na Mgiriki huyo alipoondoka nchini alimwachia funguo. Kwenye tablo, ule ubao wa vipimo mbele ya usukani, hapakuwa na mshale wa mafuta. Palikuwa na bomba dogo la kioo, refu kama kidole cha kati, limesimama wima kama kipimajoto cha zahanati, na zamani ndani yake kulikuwa na maji mekundu. Tangi likiwa na mafuta, uzito wake ulisukuma hewa kupitia mrija mwembamba kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, na ule wekundu ukapanda. Mafuta yakipungua, ukashuka. Hakuna waya, hakuna umeme, ni pumzi tu. Siku nilipolielewa jambo hilo nilikaa kwenye kiti cha dereva, gizani mwa banda, nikacheka peke yangu kama mtu aliyesimuliwa kichekesho na marehemu. Lakini jua la miaka mingi lilikuwa limekula rangi. Maji yalikuwa bado mle ndani, yamepauka kama chai iliyosuuzwa mara tatu, na kioo kimeshika ukungu wa kahawia. Hata ukimulika tochi huoni kitu. Papa alisema gari lake limekuwa kipofu.

Kwa hiyo alipima kama madereva wote wa kwetu walivyopima, kwa fimbo. Yake ilikuwa kijiti cha mkaratusi chenye alama nne zilizochongwa kwa kisu, moja kwa kila robo ya tangi, kilichokaa chini ya kiti. Alikitumbukiza kwenye tundu la tangi, akakitoa, akasoma pale palipolowa, kisha akakipangusa kwenye suruali, na Mama Kanyere akalalamika kwamba nyumba nzima inanuka petroli kama kituo cha mpaka. Fimbo ile haikuwahi kumdanganya. Lakini aliionea haya. "Fimbo ni ya ngombe," aliniambia. "Gari iko na kioo yake." Akaniuliza kama naweza kukirudishia rangi, nami nikasema naweza kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu ndivyo nilivyojibu kila kitu wakati ule.

Nilikifungua kipimo kwa ncha ya kisu nilichokuwa nimekinoa, nikakibeba hadi uani kwa mikono miwili. Nikakigeuza, nikayamwaga yale maji ya zamani juu ya majani. Lilikuwa kosa la haraka, kosa la mtu aliyedhani kazi ni rangi. Maji yale hayakuanguka kama maji. Yalianguka kama punje za risasi, yakapotea. Tone la mwisho nililidaka kiganjani, nikalitia kwenye kikombe cha maji, nalo likazama moja kwa moja, likakaa chini kama jicho la samaki. Hapo nikaelewa. Mtu aliyekitengeneza kipimo kile, ng'ambo huko, alichagua kitu kizito kuliko maji mara mbili au tatu, na uzito huo ndio uliokuwa kazi yenyewe. Rangi ilikuwa nguo tu. Ningeyahifadhi, ningeyatia rangi upya, na yote yangekuwa sawa. Lakini udongo ulikuwa umekwisha kuyanywa, na katika Kivu nzima sikujua mahali pa kupata mengine.

Ningekwenda kumwambia siku hiyohiyo, naamini hivyo hata leo, kama si yale niliyoyasikia Jumapili hiyo. Walikuwa wamerudi misani, mvua ilikuwa imepiga mabati kwa saa nzima, na ilipokatika ghafla nikasikia sauti zao upande wa pili wa mbao, kubwa kuliko walivyodhani. Mama Kanyere alikuwa akiuliza huyu mtoto wa watu ataondoka lini, maana anakula kama watu wawili na vitunguu vinaanza kuota kwa joto la mwili wake. Papa alicheka kidogo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesema jambo alilolifikiria kwa siku nyingi: "Akitengeneza ile kioo, nitamupa kile chumba kabisa. Tutatoa vitunguu mule. Mutu ya mikono kama yule, hapana kumuachia barabara." Nimesikia mengi kupitia kuta za watu: mipango ya kunifukuza, ya kuniibia, mara moja ya kuniozesha. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akipanga nibaki. Nilikaa kitandani, mikono kwenye magoti, nikiogopa hata kitanda kisilie.

Kesho yake nilikwenda duka la dawa nikanunua glisirini, ile ambayo wanawake wa Butembo hujipaka midomoni wakati wa baridi, na eozini, dawa nyekundu ya vidonda. Kati ya vyote nilivyoweza kupata, glisirini ndiyo iliyokuwa nzito, ingawa tone langu la zamani lilizama hata ndani yake. Niliichemsha ili maji yatoke, nikaitia eozini. Nikasafisha bomba kwa unyoya wa kuku uliolowa mafuta ya taa mpaka kioo kikang'aa kama jino la mtoto. Nikalijaza bomba kwa sindano ya zahanati, tone kwa tone, nikitoa viputo kwa uzi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nilipokirudisha kipimo mahali pake, ule wekundu ulisimama kwenye alama ya chini kabisa, mzuri, wa kung'aa, ukisubiri.

Petroli ilikuwa adimu. Tulikuwa na bidoni moja tu ya lita ishirini, na tangi lilikuwa la bidoni tatu na ziada. Papa alimimina nyuma, polepole, kwa faneli ya bati; mimi nilikaa mbele nikitazama. Wekundu ukapanda bila haraka, kama mzee anayepanda kilima. Ukafika robo. Ukafika nusu. Ukaendelea, ukasimama kwenye robo tatu. Bidoni moja kati ya tatu, na kioo kikasema robo tatu. Glisirini ilikuwa nyepesi mno, na pumzi ileile iliipandisha mara mbili na zaidi ya pale ilipostahili kufika. Nilifungua mdomo. Papa alikuwa amefika dirishani na faneli mkononi. Aliinama, akaona, akavua kofia yake ya sufu kama mtu anayeingia kanisani. "Inaona tena," alisema. Kisha akanigeukia: "Ni kweli, Kambale?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikasema, "Ni kweli, Papa." Pengine alidhani tangi lilikuwa na masalio mengi kuliko alivyofikiri, sikuuliza. Alichukua ile fimbo chini ya kiti, akaivunja kwa goti, akaipeleka jikoni, akaichomeka chini ya birika. Mkaratusi hushika moto upesi. Nilikunywa vikombe viwili vya chai ile, yenye maziwa mengi, na alasiri hiyo tukatoa vitunguu.

Nilikuwa na chumba. Niliweka misumari mitatu ukutani ya kutundikia nguo nisizokuwa nazo. Mezani, Papa alianza kuniuliza mambo: kama redio inasema kweli, kama mabati yatavuja, kama mtu anaweza kwenda mwezini. Siku moja katika sala akasema "na huyu Kambale". Watu hudhani upweke huisha mtu anapopata nyumba. Wangu ulizidi, kwa sababu sasa kulikuwa na watu wawili ambao nisingeweza kuwaambia jambo moja. Nilijisemea kwamba gari halitoki bandani, kwamba Papa huwasha injini Jumamosi kwa dakika chache tu, na vita ikiisha nitatafuta maji mazito Kampala, nitabadilisha kimyakimya. Nilipanga ukweli kama mtu anavyopanga kupanda viazi msimu ujao.

Kisha dereva wa lori mmoja akaleta habari kwamba watu wa Mbau wanaanza kukimbia. Masika alikuwa na mimba ya miezi minane. Mume wake alikuwa amekwenda Uganda na kahawa na hajarudi. Malori hayakutaka tena kupita Beni. Papa hakutafakari. Aliondoa mikeka, akatazama kioo, kikasema robo tatu, akasema twende. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari mmoja alizunguka gari akicheka, akaliita motuka ya bankoko, gari la mababu, akatuacha tupite kwa sababu hakuna kamanda ambaye angelitaka. Njia yote Papa aliendesha kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona, akinionyesha mashamba aliyoyapita na Mgiriki wake, na kila baada ya kona alitazama kioo kama mtu anavyomtazama mke mpya. Tulipofika Beni kilisoma robo. Wanawake walikuwa wamepanga chupa za petroli kando ya barabara, zinameremeta juani. Nikasema labda tuongeze kidogo. "Ya nini?" Papa akajibu. "Robo ya hii tangi ni karibu bidoni muzima. Tunaenda, tunarudi, inabakia. Kioo yako si imesema?" Alisema yako. Nikatazama chupa zile zikipita dirishani, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

Masika alikuwa anatungoja mlangoni pake Mbau, na cherehani imefungwa kwa kitenge. Alikuwa mkubwa kwa tumbo na mdogo kwa kila kitu kingine, na alimtania baba yake kwamba amekuja kumchukua kwa jeneza. Tulipakia cherehani, beseni, blanketi mbili, tukageuza. Hatukwenda mbali. Kwenye mlima mdogo, msitu pande zote, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Barabarani watu walikuwa wakipita na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria. Papa alitazama kioo. Kilionyesha wekundu wa upana wa kidole. Akashuka, akafungua boneti.

Saa nzima. Ndiyo inayonirudia, saa ile. Alitoa plagi moja moja, akazifuta kwa shati, akazirudisha. Alifungua kabureta, akapuliza. Alinituma kushika huku na kukaza kule, nami nikashika na nikakaza. Masika, ndani, aliuliza kwa sauti ya kuchoka kama si mafuta. "Mafuta iko," Papa akajibu bila kugeuka. "Ona kioo." Aliitafuta hitilafu katika injini aliyoitunza miaka yote, akaanza kuilaumu, akaanza kujilaumu, mzee mwenye grisi mpaka viwikoni akisema kwa sauti ya chini kwamba labda mikono yake imesahau. Nyuma yetu, upande wa Oicha, kitu kikalia, mbali, mara moja. Watu wa barabarani hawakugeuka. Waliongeza mwendo tu. Ni yale maneno kuhusu mikono yake yaliyonishinda.

"Papa," nikasema, "mafuta imeisha."

"Kioo..."

"Kioo inadanganya. Ile masalio ya chini injini haiwezi kuvuta, inaionyesha mingi. Tangu siku ya kwanza. Nilijua."

Alinyoosha mgongo. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akianzia gumba, na nilingoja anipige, nikatamani anipige. Alifunga boneti taratibu kama mtu anayefunika uso wa mgonjwa. "Na mimi nilichoma fimbo," akasema.

Mtu mmoja wa mawese, mwenye baiskeli ya mizigo, alificha bidoni zake msituni na kumpakia Masika. Mimi nilibeba cherehani kichwani. Papa alitembea mbele. Tulifika Beni jua likizama, na majuma matatu baadaye Masika alijifungua mtoto wa kiume, mzima. Kwa hiyo mtu anaweza kusema hakuna aliyepotea. Nami nimejaribu kusema hivyo, katika vyumba vingi. Huko Butembo hawakunifukuza. Sahani yangu iliwekwa mezani, bugali ilikuwa ya moto, chumba kilikuwa changu. Lakini Papa hakuniuliza tena kitu. Mabati yakianza kuvuja alitoka mwenyewe kutazama. Redio ikisema jambo la ajabu, alimgeukia Mama Kanyere, ambaye hakujali redio. Nilivumilia mpaka misumari yangu mitatu ikaanza kunitazama, na Jumapili moja asubuhi nikaondoka wakiwa misani.

Nimefika Butembo Jumamosi. Mama Kanyere alikufa zamani, sikujua. Masika ana mvi na sauti ileile ya utani, akanipokea begi akauliza kama bado nakula kama watu wawili. Akaniweka kwenye kile chumba. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi: harufu ya vitunguu haikuwepo. Aliniona nikinusa. Akasema baba yake alikataza wasirudishe kitu mule, na kwamba misumari ni ileile, niangalie nisichane shati.

Kisha akaniita bandani. Gari liliokotwa miezi kadhaa baada ya siku ile na kuletwa juu ya lori la kahawa, bila magurudumu, bila viti vya nyuma. Kuku wanatagia mle sasa. Mtoto wake aliyekuwa tumboni, Muhindo, fundi wa pikipiki, alikuwa ndani yake akinisubiri. Anataka kulifufua. Masika alisema Papa, alipolirudisha, alikaa mle wiki nzima na chupa za petroli na fimbo mpya, akimimina, akipima, akikwangua kwa msumari, na hakuruhusu mtu kuuliza. "Alisema Kambale akirudi, mumuonyeshe."

Niliinama. Kando ya kioo, kwenye bati, palikuwa na alama zake. Pale wenye kiwanda walipoandika nusu, Papa alikwangua mstari mmoja: alama ya kwanza ya fimbo. Pale walipoandika tangi limejaa, mistari miwili. Ya tatu na ya nne hazikuwa na mahali. Ile mistari ilikuwa imenyooka, imerudiwa mara nyingi mpaka ikashika. Kipimo changu kilikuwa kinasema kweli muda wote kwa lugha yake. Kilihitaji mtu wa kutamka jinsi ya kukisoma. Na ule wekundu wenyewe nilipaswa kuinamisha kichwa ili niuone. Eozini nayo hupauka.

"Tonton," Muhindo akaniita, kama mjomba wake, "unaweza kuirudishia rangi?"

"Naweza," nikasema. "Lakini mafuta ikiwa kidogo, itasema ni mingi. Usome alama ya muzee, hapana ya fabrika. Na mafuta ikipita nusu ya tangi, haioni kitu kabisa."

Nilishangaa jinsi maneno yale yalivyokuwa mafupi. Kuku mmoja alikuwa hajamaliza kuvuka banda. Muhindo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi, akaingiza mkono chini ya kiti, na akatoa fimbo.